Waliomwona Mwalimu Anselmi Baada ya Kuzikwa

Vijana wangu, mnaponakili mahojiano mkafika mahali mtu analia, msisogeze mbele. Andikeni kwamba analia. Akinyamaza andikeni kwamba amenyamaza, na jogoo akiwika nyuma yake, mwandikeni na jogoo. Hilo ndilo la kwanza nililofundishwa katika kazi hii, na litakuwa la mwisho kunitoka, kama Mungu ataniachia kumbukumbu.

Juzi wawili wenu mlinifuata hapa Mafiga mkanikuta nawapa kuku pumba. Mkataka niwaandikie kidogo juu ya kazi yetu ya zamani pale chuoni. Nikasema mimi niliishia darasa la saba na kozi ya kupiga taipureta, nitawaandikia nini nyie wenye digrii? Yule binti mwenye miwani akasema, "Bibi, siku hizi wala hatusumbuki. Simu inaandika yenyewe."

Nikamuuliza, "Na kuogopa, inaogopa yenyewe?"

Mlicheka sana. Nami nilicheka, ila nusu ya swali lile haikuwa mzaha. Miaka yote niliyokaa na hedifoni masikioni, mgongo uliniuma na macho yaliniuma, lakini kilichonitesa kweli ni woga. Na woga mkubwa kuliko wote uliniingia kwa sababu ya koti la marehemu mmoja huko juu mlimani. Huo ndio nataka kuwaeleza. Nikieleza vibaya mnisamehe. Huwa najiandikia mambo madogo madogo kila siku, lakini kuandikia watu sijazoea.

Mwalimu wangu katika kazi alikuwa Dokta Theonesti, padri wa Kihaya, mrefu, mwenye sauti ya taratibu. Alifundisha chanzo cha Ukristo: Yesu aliishi katika nchi ya namna gani, nani alikuwa anatawala, habari zake zilisafirije kabla hazijaandikwa. Mimi kabla ya hapo nilidhani wale waandishi wanne wa Injili walikuwa wanamfuata nyuma na kalamu, akisema wanaandika. Siku ya kwanza nilipochapa mhadhara wake, nikakuta imeandikwa kwamba Yesu mwenyewe hakuacha hata mstari mmoja, kwamba barua za Paulo ni za zamani kuliko Injili zote, na kwamba kwa miongo kadhaa habari nyingi zilikuwa vinywani mwa watu tu. Vidole viliniganda. Niliangalia mlango kana kwamba kuna mtu atakuja kuniuliza nachapa nini. Dokta alikuwa dirishani anakunywa chai.

"Mama Stela, mbona taipureta imenyamaza?"

"Baba, haya yanaruhusiwa?"

"Askofu anayajua. Endelea."

Nikaendelea. Lakini woga ulikuwa umeshaingia, na kwangu woga ukiingia hautoki upesi.

Stela alikuwa binti yangu. Kabla ya kazi ile tulikuwa tunaishi Kilakala, naye alikuwa kidato cha pili. Alishikwa na homa kali, na kabla ya mimi kuelewa ni homa ya namna gani tukawa tumeshamzika. Sitaeleza zaidi ya hapo. Nawatajia kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini mambo ya kitabuni yalikuwa yananitetemesha mtu mzima. Tumaini langu lote la kumwona tena nilikuwa nimelitundika kwenye msumari mmoja: kwamba yupo mtu mmoja aliyezikwa kweli na akaonekana kweli. Msumari ule ukilegea, Stela ananifia mara ya pili.

Sasa kazi yenyewe. Dokta alitaka kujua habari za mtu aliyependwa hukaaje vinywani mwa watu akishafariki: zipi hubaki, zipi hupotea, zipi huongezeka. Alisema hawezi kwenda Galilaya ya zamani na kinasa sauti, lakini mlimani kwetu anaweza. Akachagua kijiji kimoja juu ya Mkuyuni, ambako aliwahi kuishi mwalimu wa dini aliyeitwa Anselmi. Watu wazima wa kule walikuwa watoto wadogo Mwalimu Anselmi alipofariki. Dokta alikwenda na kanda, akarudi na sauti, mimi nikanakili.

Hapo ndipo nilipojifunza kazi. Mzee mmoja alikuwa anazunguka sana katika maneno, anaanza jambo, analiacha, anakohoa, anarudia. Nikamwonea huruma nikamnyoosha. Dokta aliposoma akavua miwani.

"Mama Stela, huyu mzee umempeleka shule lini?"

"Kwa nini, Baba?"

"Nimemwacha juzi hajui kumaliza sentensi. Hapa anahutubia bunge."

Niliona haya. Na si hilo tu. Mzee huyo alisema Mwalimu Anselmi alikuwa na kofia ya pama, na mama mwingine alisema alikuwa kichwa wazi, nikaamua mama yule amesahau, nikamvisha marehemu pama kote kuwili. Dokta alinirudisha kwenye kanda. Akaniambia wanakili wa zamani, watu wema wenye upendo, walifanya hivyo hivyo na maandiko. Wakikuta habari mbili hazilingani, mkono unawawasha wazilinganishe. Akaniambia pia kwamba Injili iliyo fupi kuliko zote, katika nakala za zamani sana, inaishia pale wanawake wanapolikimbia kaburi wakitetemeka, wasimwambie mtu neno kwa sababu waliogopa. Basi. Imeishia hapo. Mistari inayofuata, wataalamu wengi wanaona iliongezwa baadaye na watu walioshindwa kuvumilia mwisho ule.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Wale wanawake niliwaelewa kuliko nilivyowahi kumwelewa mtu yeyote wa kwenye maandiko.

Basi kanda zikaja zaidi, na ndani yake likatokea jambo ambalo Dokta hakulitarajia, wala mimi. Mzee yule wa kuzunguka alisema: Mwalimu Anselmi alizikwa, na baada ya siku chache alishuka njiani mchana, amevaa koti lake zito, anachechemea kama kawaida yake, akaomba maji. Nilisimamisha kanda nikarudisha nyuma. "Nilimwona kwa macho haya," anasema. Mama aliyesema kichwa wazi naye, kanda nyingine, siku nyingine: nilimwona, aliomba ugoro. Na mwingine: nilimwona, aliuliza kwa nini darasani hakuna watoto. Hawakulingana juu ya kofia, hawakulingana juu ya maji na ugoro, lakini wote walimwona, na sauti zao hazikuwa sauti za watu wanaotunga. Mimi sauti nazijua.

Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Ilikuwa inatisha, lakini ni furaha. Nilijiambia, kama hapa mlimani Mungu alimruhusu mwalimu wa dini arudi kuomba maji, basi kwa Mwanawe itashindikana nini? Na kwa Stela je?

Kanuni ya Dokta ilikuwa kwamba ukisikia jambo kubwa, unatafuta aliyekuwa karibu zaidi. Tukaambiwa yuko bibi mmoja, Bibi Zena, mtu mzima tayari wakati wa mazishi yale. Safari hiyo niliomba niende. Gari liliendeshwa na Mzee Shomari, dereva wa chuo, mwenyeji wa Mkuyuni, Mwislamu asiyekosa swala. Njia nzima alinitania.

"Mama Stela leo umevaa viatu vya harusi kupanda mlima. Nani anakuoa huko?"

"Endesha gari, Shomari."

"Naendesha. Lakini ukiteleza sikubebi, mimi nina mke."

Tulimkuta Bibi Zena ameketi kwenye kigoda anaanika pilipili manga juu ya jamvi. Mdogo wa mwili, mkavu, macho yanacheka kabla ya mdomo. Tukamwamkia, akatupokea, akatupa ndizi. Dokta akawasha kinasa sauti, akamuuliza kama alikuwepo Mwalimu Anselmi alipozikwa.

"Sasa mimi nikose? Mimi mtani wake! Ukoo wangu na wake ni watani tangu mababu. Siku ya kuchimba kaburi niliyaficha majembe yote, wakanibembeleza mpaka jua likawa utosini."

"Wapo wanaosema walimwona baadaye, amevaa koti."

"Walimwona kweli."

Nikavuta pumzi.

"Walimwona mimi," akasema Bibi Zena.

Nyie vijana wa mjini huenda hamjui, nami nilikuwa najua juu juu tu, maana si Mluguru, baba yangu aliletwa na kazi ya mkonge. Msibani mtani ana ruhusa ambayo mwingine hana. Anamtania marehemu, anavaa nguo zake, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, ili waliobaki walie vizuri na wacheke pia. Bibi Zena, siku ya kuanua matanga, alikuwa amevaa koti la Mwalimu Anselmi na pama lake, akashika fimbo yake, akashuka njiani anachechemea.

"Nikaomba maji. Nikaomba na ugoro, alikuwa anapenda ugoro yule ingawa alikuwa anajificha. Nikauliza, mbona darasani hakuna mtu, nani kawapa likizo? Pama likaanguka, nikaliacha. Watu walilia, wakacheka, wakalia tena. Mjane akaniletea maji amepiga magoti."

"Na watoto?" akauliza Dokta.

"Watoto wako mbali, kwenye migomba, wanachungulia. Watoto hawaelezwi kitu msibani."

"Baadaye je, mliwaeleza?"

"Tuwaeleze nini? Kila mkubwa alijua. Kisha wakubwa wakafa, wakabaki wale wa kwenye migomba." Akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi. "Hao si waongo. Usije ukawaandika waongo."

Niliiweka ndizi chini. Bibi Zena akauliza jina langu, Shomari akajibu kwa niaba yangu kwamba naitwa Mama Stela.

"Huyo Stela yuko wapi?"

"Alifariki," nikasema.

"Mtani wenu alimwigiza?"

"Hatukuwa na mtani. Mjini tulizika haraka."

Akasikitika kwa ulimi. "Masikini. Ameondoka bila mtu kumvaa."

Tukishuka, Dokta hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Aliniambia alikuwa ameshawaza jambo kama lile, lakini hakutaka litoke kinywani mwake. Nikamuuliza pale pale kwenye utelezi, nimeshika mgomba nisianguke.

"Baba, basi na Yesu ilikuwa hivyo?"

Alisimama. Nitajitahidi kuandika alivyosema, bila kumnyoosha.

"Sijui. Ngoja. Mwanahistoria anafika mpaka mahali fulani. Kwamba alisulubiwa, karibu wote tunakubali. Kwamba wafuasi wake walisema wamemwona, na walianza kusema mapema, hilo nalo ni gumu kulikataa. Paulo alikuwa anawatesa, akaja kuandika kwamba na yeye amemwona. Waliona nini? Hapo vyombo vyangu vya kazi vinaishia."

"Yerusalemu hapakuwa na watani," nikasema. Nilikuwa namwomba.

"Sijui kama walikuwepo. Lakini usikimbilie hapo. Kutokuwepo kwa mtani hakuthibitishi kwamba alifufuka. Na koti la Bibi Zena halithibitishi kwamba hakufufuka. Ni koti la Mwalimu Anselmi tu."

"Wewe mwenyewe je?"

"Ukiniuliza mwalimu wa historia, nimekujibu. Ukimuuliza padri, anasadiki. Kuna siku hao wawili hawasalimiani."

Kwenye gari Shomari alikwepa mashimo mpaka tukakaribia lami. Kisha akasema, "Mama Stela, ningekuliwaza. Lakini sisi tunasema Nabii Isa hakusulubiwa, Mungu alimpandisha kwake. Nikikuliwaza kwa hilo nitakuvuruga zaidi. Wacha nikazane na gia."

Nilicheka, na ndani nilikuwa nimekwisha.

Jumapili iliyofuata kanisani, tulipokiri imani na kufika pale pa kusema siku ya tatu alifufuka, mdomo wangu ulijifunga. Wenzangu wote wanasema, mimi kimya. Nikaogopa Mungu ameniona. Nikaogopa zaidi kwamba hakuna aliyeniona. Jumapili ya pili vile vile. Nyumbani nilikuwa nakaa kitandani kwa Stela nimeshika sweta lake la shule, siwezi hata kumwambia kwamba tutaonana, maana sikutaka kumdanganya.

Sasa kuna desturi nyingine ya kazi ambayo nasikia mmeiacha, mnasema inachelewesha. Ukishanakili, unarudi kwa mwenye maneno unamsomea, aseme kama ndivyo. Dokta alikuwa na mitihani, akanituma mimi na Shomari. Asubuhi nilipokuwa naondoka nililichukua sweta nikaliweka kwenye mkoba, chini ya makaratasi. Sikumwambia mtu. Mimi mwenyewe sikujua nalipeleka kufanya nini, au nilijua nikaogopa kujua.

Bibi Zena alisikiliza nikimsomea, akawa anaitikia. Mahali pamoja akanisimamisha: hakusema watu walilia na kucheka, alisema walilia, wakacheka, wakalia tena. Nikasahihisha. Nilipomaliza niliupakata mkoba. Kinasa sauti kilikuwa kinazunguka juu ya kigoda kama kawaida. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba.

"Umeleta nini humo kwenye mkoba?" akauliza. "Tangu umeingia unaushika kama mtoto mchanga."

Nikalitoa sweta.

"Alikuwa anatembeaje?"

"Bibi, mimi si wa ukoo wenu. Sisi si watani."

"Msiba hauna mtu wa kuufanya, nitaufanya mimi. Alikuwa anatembeaje?"

Nilitaka kukataa. Niliogopa mambo mawili: kwamba atakosea, nione bibi kizee kavaa sweta la mwanangu, na kwamba hatakosea. Shomari aliyekuwa mlangoni akasimama kutaka kutoka, nikamwomba abaki. Nikamweleza bibi. Stela alikuwa anaburuta ndala ya kushoto. Alikuwa anatafuna mkono wa sweta akiwaza. Akitoka shule anaanza kusema kabla hajafika mlangoni. Alikuwa anauliza nini? Anauliza chakula. Kwa sauti gani? Nikajaribu sauti, ikanikatikia. Bibi Zena hakucheka. Alilichukua sweta akazunguka nyuma ya jiko.

Nilisikia ndala kwanza. Inaburuta, inaburuta.

"Shikamoo mama! Jikoni kuna chochote?"

"Marahaba," nikasema.

Nilimwitikia, vijana wangu. Bibi mwenye umri wa kunizaa aliniamkia, nami nikaitikia marahaba bila kufikiri, kama ninavyomwitikia mwanangu, na ningeweza kuapa kwa chochote kwamba aliyesimama mlangoni na mkono wa sweta mdomoni alikuwa Stela. Kisha nililia. Kisha alisema jambo juu ya mboga zilizoungua, sijui alijuaje kwamba nilikuwa naunguza mboga, nikacheka. Kisha nikalia tena. Shomari alikuwa amegeukia nje anafuta uso kwa kofia yake.

Siku mbili baadaye nilikuwa mezani kwangu nanakili kanda ile. Mnajua utaratibu: jina la msemaji kushoto, nukta mbili, maneno. Nilifika kwenye shikamoo ile. Mkono uliniwasha. Mwisho niliandika: Bibi Zena. Mstari wa chini yake nikaandika: Mama Stela, marahaba. Pembeni, kwa kalamu, nikaongeza: nilimwona.

Dokta aliposoma hakunirudishia. Aliuliza tu, "Yote mawili yabaki?"

"Yote mawili, Baba. Aliyevaa sweta ni Bibi Zena. Na mimi nilimwona."

Sijawaambia kwamba hili ni jibu. Mtu akitaka kusema basi na wale wa Yerusalemu waliona kwa namna hiyo, simzuii, ila simwoni akiwa na kanda ya kuthibitisha. Mtu akitaka kusema kwao ilikuwa kitu kingine kabisa, kwamba hakukuwa na Bibi Zena nyuma ya jiko, huyo ndiye ninayemwombea awe kweli. Mpaka leo sijui, na hofu ipo, nalala nayo. Ninachowaomba ni msimnyooshe mtu aliyesema nilimwona, na msisahau kuuliza nani alikuwa amevaa.

Lakini jambo moja lilinijia pale mezani, nikiwa bado na hedifoni. Wale wanawake wa kwenye Injili fupi walilikimbia kaburi, na imeandikwa hawakumwambia mtu, kwa kuwa waliogopa. Ikaishia hapo. Sasa sisi tumejuaje? Lazima kuna mmoja wao, mwili ukiwa bado unatetemeka, alifungua mdomo.

Jumapili iliyofuata tulipofika pale pa siku ya tatu, nilifungua wangu.